Kusoma majibu ya maabara ya oili iliyotumika katika injini ya gari la spoti

Mleta uzi

Wadau, safu inayosomwa kwanza na karibu kila mtu anayepokea majibu ya oili iliyotumika ni ile ya wastani wa injini za aina yake, na kwa maoni yangu ndiyo inayopotosha wenye magari ya spoti kuliko safu nyingine zote. Majibu hayo hutaja kiasi cha metali zilizochakaa na kuingia kwenye oili. Mmoja anaona chuma 18 kwake na 15 kwenye wastani, basi anakosa usingizi. Mwingine anaona risasi 6 mahali ambapo wastani ni 9, anatabasamu na kwenda kuikanyagia injini hadi mstari mwekundu. Wote wawili wanaweza kuwa wamekosea, kwa sababu wastani huo umechanganya gari linalotembea kila siku na gari linalolala gereji miezi mitatu, oili ya kilomita 3,000 na oili ya kilomita 12,000, injini mpya na injini iliyokwisha kufunguliwa mara mbili. Katika uzi huu ningependa tuzisome namba kwa kuanzia kwenye injini yenyewe: imeundwa kwa metali gani, inabeba lita ngapi za oili, na majibu yake yaliyopita yalisemaje.

Tuanze na mashine, kwa kuwa mipaka yake ndiyo mipaka ya majibu. Maabara nyingi huichoma sampuli ndani ya plazma yenye joto kali sana, kisha hupima kwa spektromita mwanga unaotolewa na kila elementi. Matokeo huandikwa kwa ppm, yaani sehemu kwa milioni, ambayo kwa lugha ya karakana ni miligramu za metali katika kilo moja ya oili. Njia hii huona vizuri metali iliyoyeyuka pamoja na chembe ndogo, lakini uwezo wake hushuka haraka mara chembe zinapozidi ukubwa wa mikroni 5 hadi 8 hivi. Uchakavu wa kawaida hutoa chembe ndogo, kwa hiyo huonekana. Beringi inayomenyeka hutoa magamba makubwa ambayo hunaswa na filta au hutulia chini ya sampu, yaani bakuli la oili lililo chini ya injini, na spektromita haina habari nayo. Ndiyo maana injini inaweza kupata majibu safi kabisa na beringi ikagonga muda mfupi baadaye, bila maabara kuwa imekosea chochote.

Jambo la pili ni wingi wa oili, ambalo kwenye magari ya spoti lina uzito wa pekee. Chukueni injini mbili ambazo kila moja imepoteza miligramu 136 za chuma. Ya kwanza ina mfumo wa sampu kavu, unaoweka oili katika tangi la pembeni, na hubeba lita 8, ambazo uzito wake ni kilo 6.8 hivi, ya pili hubeba lita 4.5, karibu kilo 3.8. Majibu ya kwanza yatasema chuma 20, na ya pili yatasema karibu 36, ingawa uchakavu ni uleule. Mtu akilinganisha namba hizo mbili bila kuuliza lita, atamsifu mmoja na kumtisha mwingine bure.

Kuongeza oili katikati ya safari nako huficha mambo. Injini ya lita 8 iliyokula lita 4 kati ya mabadiliko mawili, zikawa zinarudishwa kidogo kidogo, imeondoa sehemu ya metali yake pamoja na oili iliyoungua. Kwa hesabu ya kawaida, chuma kinachosomeka 20 kingekaribia 25 kama injini hiyo isingekuwa inakula oili. Kinyume chake, kila unapomwaga oili huwa inabaki kiasi katika kipoza oili, mapito na silinda hedi. Kama imebaki asilimia 10 ya oili iliyokuwa na chuma 60, oili mpya inaanza safari ikiwa na chuma 6 kabla hata hujawasha gari. Kwa hiyo fomu ya sampuli isiyotaja kilomita za oili, kilomita za injini na lita zilizoongezwa haimsaidii yeyote, hata huyo mtaalamu anayeandika maoni chini ya ukurasa.

Sasa metali zenyewe. Chuma hutoka kwenye kranki, kamshafti, gia za pampu ya oili, cheni ya taimingi na slivu kama ni za chuma. Ni metali ya kila mahali, na kwa sababu hiyo haimtaji mkosaji. Pia huongezeka gari linapokaa muda mrefu bila kuwashwa, kwa kuwa unyevunyevu hufanya kutu nyepesi inayosuguliwa siku ya kuwasha. Kromi kwa kawaida ni ya ringi za pistoni. Alumini ni ya pistoni, na katika baadhi ya injini ni ya bloku na beringi pia. Nikeli katika injini yenye silinda zilizopakwa Nikasil, utando mgumu wenye nikeli, ina maana tofauti kabisa na nikeli katika injini ya slivu za chuma.

Nitakaa zaidi kwenye beringi, kwa kuwa ndizo zinazowaondolea raha wenye injini zinazozunguka sana. Beringi ya tabaka tatu ina mgongo wa chuma laini, juu yake tabaka la shaba lenye risasi, kisha utando mwembamba sana wa nikeli, na juu kabisa tabaka laini la risasi na bati linalogusana na kranki kupitia oili. Ikichakaa kwa kusuguliwa, mpangilio wa kuonekana hufuata tabaka hizo: risasi hutangulia, nikeli hupita kwa kiasi kidogo ambacho mara nyingi hakionekani, kisha shaba huanza kupanda. Risasi peke yake ina maana kwamba tabaka la juu linatoa kitu. Risasi iliyofuatwa na shaba, sampuli baada ya sampuli, ina maana kwamba pengine tabaka la juu limekwisha mahali fulani.

Lakini mpangilio huo unategemea beringi uliyo nayo. Injini ya S65 ya BMW M3, ile V8 ya lita 4.0, mwanzoni ilitoka na beringi zenye risasi na shaba, na baadaye kiwanda kikahamia kwenye beringi za alumini na bati. Mwenye gari la miaka ya mwisho ambaye anasubiri risasi ipande ili ashtuke anasubiri mgeni asiyekuja. Dalili yake itakuwa bati pamoja na alumini, na hiyo alumini itakuwa imechanganyika na ya pistoni na ya bloku. Kwa upande mwingine, LS7 ya Chevrolet Corvette Z06, lita 7.0, ina bushi za valvu za shaba nyeusi ambazo zinajulikana kwa kuchakaa mapema. Shaba ikipanda humo bila risasi kuisindikiza, mtu aangalie silinda hedi kabla ya kushusha sampu. Na katika injini mpya, shaba inaweza kutoka kwenye kipoza oili tu: viongezi vya zinki na fosforasi hushika uso wa shaba na kuuyeyusha kidogo kidogo mpaka utando ujijenge, na namba hushuka yenyewe kila oili inapobadilishwa.

Karibuni kwa maswali. Mwenye majibu ayaweke yote, si mstari mmoja unaomtia hofu.

Mdau wa kwanza

Asante sana mleta uzi. Yangu ni haya, na injini ni hiyo hiyo S65 ya awali uliyoitaja. Oili ni 10W-60, imekaa miezi 14 na kutembea kilomita 7,000, safari zangu nyingi ni fupi, sijaongeza oili hata kidogo. Chuma 24, shaba 13, risasi 12, bati 1, alumini 6, kromi 1, silikoni 8, sodiamu 4, potasiamu 1. Mnato kwa nyuzi 100 ni 17.6, joto la kuwaka ni nyuzi 188, TBN 1.9 na TAN 3.8. Sampuli iliyopita ilikuwa ya kilomita 6,500 na ilisoma risasi 5 na shaba 6. Maabara imeandika tu kwamba nifuatilie beringi. Je, nifungue?

Mleta uzi

Ndugu, tuanze mbali na beringi, kwa sababu oili yako yenyewe ina mengi ya kusema. Kwa kipimo cha SAE J300, oili ya daraja la 60 inapaswa kuwa na mnato wa 21.9 au zaidi kwa nyuzi 100, na daraja la 50 linaanzia 16.3. Oili yako imeshuka daraja zima. Kushuka huko kuna sababu mbili kubwa. Ya kwanza ni kukatika kwa polima zinazoongeza mnato, jambo la kawaida kwa oili zenye upana mkubwa kama 10W-60 na 5W-50, ambazo hutegemea polima nyingi. Ya pili ni petroli. Kinachozitenganisha ni joto la kuwaka: polima zikikatika, joto hilo halibadiliki sana, lakini petroli ikiingia, linaporomoka. Oili mpya kwa kawaida huwa juu ya nyuzi 200, mara nyingi karibu na 220 au zaidi, na wewe una 188. Una petroli ndani ya oili, na safari fupi zinaeleza kwa nini, maana oili isiyofika joto lake la kazi haiwezi kuifukuza petroli iliyopita kwenye ringi wakati injini ni baridi. Inawezekana polima nazo zimechangia. Moja haifuti nyingine.

Kisha kuna namba ya besi, ambayo majibu yameiandika TBN, na namba ya asidi, TAN. Besi ni akiba ya kupambana na asidi, na yako imekwisha kupitwa na asidi kwa mbali. Hapa ndipo risasi yako inapopata maelezo ya pili: asidi hula risasi na shaba za beringi hata kama kranki haijagusa chochote. Uliyaacha mafuta hayo miezi 14, yenye petroli na unyevu wa safari fupi, kwa hiyo ulikuwa na mazingira mazuri ya kutu ya beringi. Wapo watakaokwambia kwamba bati halijapanda, basi si uchakavu wa kusuguliwa. Hoja hiyo haisimami. Bati katika tabaka la juu ni sehemu ndogo, karibu moja ya kumi kwa nyingi ya beringi za namna hiyo, kwa hiyo risasi ikipanda kwa 7, bati lingepanda kwa chini ya 1, na spektromita haiwezi kuapa juu ya tofauti hiyo.

Ushauri wangu ni kubadilisha oili sasa, kuipasua filta uliyoitoa, na kupima tena. Usipime baada ya kilomita 2,000 kama wengi wanavyoshauri, na sababu ni ya hesabu. Awali ulikuwa unapata risasi 0.8 kwa kila kilomita 1,000. Sasa unapata 1.7. Chukulia kwamba oili ya zamani imebaki asilimia 10, hivyo unaanza na risasi 1.2. Baada ya kilomita 2,000, mwendo wa zamani ungekupa karibu 3 na mwendo mpya karibu 5, tofauti ambayo ni ndogo mno kuitegemea kwa vipimo viwili vya siku tofauti. Baada ya kilomita 4,000 ungepata 4 dhidi ya 8, na hapo namba inaanza kusema jambo. Katika kilomita hizo, lipashe gari joto mpaka oili, si maji tu, ifike kwenye joto lake kabla ya kupandisha mizunguko, na upate safari ndefu za kutosha.

Mdau wa pili

Mimi yangu ni silikoni. Nilifunga chujio la hewa la pamba linalopakwa mafuta, na silikoni imepanda kutoka 7 hadi 28. Lakini katika kipindi hicho hicho fundi alibadilisha gasketi ya kava ya valvu na kupaka gundi ya silikoni. Namlaumu nani?

Mleta uzi

Mkuu, angalia silikoni ameandamana na nani. Vumbi ni mchanga. Lina silikoni na alumini, na likiingia husaga ringi na silinda, kwa hiyo utaona chuma na kromi vikipanda pamoja nalo. Gundi hutoa silikoni peke yake na hupungua kila oili inapobadilishwa. Usisahau pia kwamba oili nyingi mpya zina silikoni kidogo ya kuzuia povu, hivyo 7 yako ya zamani inaweza kuwa ya dukani na si ya barabarani. Kabla ya kungoja sampuli nyingine, fungua bomba la hewa baada ya chujio na upitishe kitambaa cheupe ndani yake. Kitambaa kikitoka na vumbi la kahawia, umepata jibu bila kulipia maabara.

Tahadhari moja kwa wenye Porsche za injini ya M96: silinda zake ni alumini iliyopachikwa fuwele za silikoni. Alumini na silikoni zikipanda pamoja humo zinaweza kutoka kwenye silinda yenyewe inayochanika. Kabla ya kulaumu chujio, ingizeni kamera ndogo kupitia tundu la plagi.

Mdau wa tatu

Naomba kupinga kidogo. Kwa nini mtu alipie haya yote? Abadilishe oili mapema, apasue filta kila mara, aendeshe gari. Isitoshe, maabara niliyotumia iliniambia oili yangu ya kilomita 2,000 imeoksidika vibaya, jambo ambalo silikubali.

Mleta uzi

Nusu ya hoja yako naikubali. Kwa beringi, filta iliyopasuliwa ni shahidi bora kuliko spektromita, na mtu mwenye uwezo wa kufanya kimoja tu afanye hicho. Lakini filta haitakuonyesha petroli, haitakuonyesha vumbi laini, na haitakuonyesha kulanti (maji ya kupozea injini) inayovuja polepole. Katika injini ya moto maji ya kulanti huvukia, na kinachobaki ni sodiamu na potasiamu ambazo macho hayazioni. Potasiamu ni muhimu kuliko sodiamu, kwa kuwa sodiamu baadhi ya oili huja nayo kama kiongezi. Hata hivyo, kipoza kipya cha alumini kinaweza kutoa potasiamu ya dawa ya kuchomelea kwa muda, ikiandamana na alumini, na hapo hakuna gasketi iliyokufa. Kama kuna shaka, omba kipimo cha glaikoli, kemikali ya kulanti, kabla ya kufungua silinda hedi.

Kuhusu uoksidishaji, ulitumia oili yenye esta, aina mojawapo ya oili ya sintetiki? Kipimo hicho hutumia mwanga wa infraredi na kutazama ufyonzaji karibu na 1,740 kwa sentimita, mahali ambapo oili iliyooksidika huonekana, na bahati mbaya esta mpya huonekana papo hapo. Bila sampuli ya oili hiyo hiyo ikiwa mpya, maabara haiwezi kutofautisha. Vivyo hivyo kwa TBN: njia ya ASTM D2896 kwa kawaida hutoa namba kubwa kuliko D4739, na watengenezaji wengi huchapisha ile kubwa. Ukilinganisha chapisho la kiwanda na majibu yaliyopimwa kwa njia ya pili, oili itaonekana imechoka kabla haijafanya kazi.

Mdau wa kwanza

Nimepasua filta. Nimekata kopo kwa kikata bomba ili vumbi la msumeno lisiingie, nimekunjua karatasi yote na kuikamua. Nimeona vipande vya gundi nyeusi, nyuzi chache, na unga mdogo unaofuata sumaku. Hakuna magamba yanayong'aa.

Mleta uzi

Hiyo ni habari njema, kwani risasi, shaba na alumini hazifuati sumaku, na gamba la beringi lingeng'aa kwenye mikunjo ya karatasi bila kujali sumaku. Endelea na mpango wa kilomita 4,000. Siku ya sampuli, chukua oili ikiwa moto baada ya safari ndefu, acha ya kwanza imwagike kwa sekunde chache, kisha kinga chupa katikati ya mkondo, wala usichukue kutoka kwenye filta. Peleka maabara ile ile, uombe petroli ipimwe kwa kromatografia ya gesi badala ya kukadiriwa, na uambatishe chupa ya oili hiyo ikiwa mpya.

Risasi ikisoma 4 au 5, huku TBN ikiwa bado juu ya TAN, ziache beringi zako na ufupishe muda wa oili uwe mwaka mmoja au chini ya hapo. Ikisoma 8 au zaidi na shaba ikapanda kwa mwendo ule ule, sampu ishuke na beringi za konrodi zikaguliwe kabla ya injini kurudi kwenye mizunguko ya juu. Ikiwa katikati, yaani 6 au 7, pasua filta tena na uweke picha hapa, kwa sababu namba peke yake haitatosha kuamua.